Gemu za zamani: je, tumekalia mali?

Julai 2021, kaseti ya gemu iitwayo Super Mario 64 iliuzwa mnadani nchini Marekani kwa dola milioni 1.56. Mwezi uliofuata kaseti nyingine, Super Mario Bros. ya mwaka 1985, ikauzwa kwa dola milioni 2. Habari za aina hiyo zikisambaa kwenye simu, mtu mwenye PlayStation 2 iliyolala uvunguni hujiuliza kama amekalia mali. Wengine huuliza kinyume chake: je, inafaa kuanza kununua gemu hizi sasa na kuziweka, kama mtu anavyonunua kiwanja?

Tuanze na hizo milioni. Super Mario 64 ilitoka mwaka 1996 na ziliuzwa karibu nakala milioni 12, kwa hiyo kaseti yenyewe haina uhaba wowote. Iliyopigwa mnada ilikuwa ndani ya boksi ambalo halijawahi kufunguliwa, na nailoni ya kiwandani ikiwa bado imeshika. Kampuni ya Wata, ambayo kazi yake ni kukagua hali ya gemu na kuzipa alama, iliipa 9.8 kati ya 10. Ukiifungua ili ucheze, umeichana thamani yake pamoja na nailoni. Kaseti hiyohiyo bila boksi, iliyochezwa na watoto wa watu kwa miaka, huuzwa Marekani kwa makumi machache ya dola.

Bei zilipanda sana kuanzia mwaka 2020, wakati wa korona, watu wengi walipokuwa wamefungiwa majumbani, wakakumbuka gemu za utotoni na kuanza kuzisaka. Nyuma yao wakaja wenye fedha, wasio na haja ya kucheza, waliotaka kununua leo na kuuza kesho. Mei 2022 kesi ilifunguliwa California ikidai kwamba Wata ilishiriki katika kuzipandisha bei hizo kwa hila. Hayo ni madai ya walioshtaki. Lakini hata tukiyaweka kando, bei moja iliyotangazwa dunia nzima haimwambii mwenye kaseti kuukuu atapata kiasi gani akiipeleka sokoni.

Wakati mwingine kinachouzwa ni hadithi tu. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ilitoa gemu ya E.T., iliyotokana na sinema maarufu. Ilitengenezwa kwa haraka, kwa wiki chache tu, na wanunuzi hawakuipenda. Mwaka 1983 Atari ilipeleka shehena ya kaseti zake, za E.T. na za gemu nyingine, ikazifukia kwenye dampo la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico. Kwa miaka mingi watu walibishana kama kweli zimo. Aprili 2014 dampo lilichimbuliwa, na zilikuwamo, zimepondeka na kunuka. Mji ukaziuza mtandaoni pamoja na hati ya kuthibitisha zilikotoka, ukaingiza zaidi ya dola 100,000. Kilichotupwa kwa sababu hakinunuliki kilipata wanunuzi baada ya miaka 30 shimoni, ilhali E.T. isiyopita dampo hilo bado ni ya bei ya chini.

PlayStation 2 ipo upande wa pili kabisa. Ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na nyingi bado zipo. Iliyofanya kazi kwenye kibanda cha gemu, pedi zimelegea na lenzi imechoka, thamani yake ni ile atakayotoa jirani anayetaka kuchezea mpira jioni. Akitokea mtu kwa simu akidai kuna mnunuzi wa nje mwenye mamilioni, ila kwanza utume "ada ya ukaguzi", huyo anataka hela yako.

Anayetaka kununua naye azijue gharama zisizoandikwa kwenye tangazo. Kaseti nyingi za zamani, mfano The Legend of Zelda, zina betri ndogo ndani ya kutunza hatua uliyofikia. Betri ikifa, yote uliyohifadhi yanapotea, na kuibadilisha kunahitaji fundi anayejua kuchomelea. Mashine ya zamani iliyotoka Japani imetengenezwa kwa volti 100 na ya Marekani kwa 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240 bila kifaa cha kupunguza, utanusa moshi kabla hujaona picha. Kaseti bandia nazo ni nyingi, na kwa picha ya simu ni vigumu kuzitambua.

Kuna jambo moja litakalowachekesha wenye televisheni za kichogo. Gemu ya kupiga bata iitwayo Duck Hunt haifanyi kazi kwenye skrini bapa za kisasa, kwa sababu bunduki yake inategemea namna kioo cha kichogo kinavyomulika. Ndiyo maana wakusanyaji wa Marekani na Japani wanazitafuta televisheni ambazo wengi wetu tumewapa mafundi wavune vipuri.

Kwa maoni yetu, anayekusanya ili apate faida amechelewa. Anayekusanya ili acheze bado ana sababu nzuri. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena madukani. Machi mwaka huohuo Nintendo ilifunga maduka yake ya mtandaoni ya mashine za Wii U na 3DS, na gemu zilizouzwa humo pekee hazikununulika tena. Kwa nyingi kati ya hizo za zamani, njia halali iliyobaki ni kupata nakala iliyokwisha tumika, na kuichezea kwenye mashine ambayo bado inawaka.