Jahazi la Kandambili: Sanaa Inavyoelimisha Kuhusu Taka za Plastiki

Sanaa ya kisasa haiishii katika kumbi za maonesho. Ni nyenzo pia ya kulinda mazingira. Mfano wa karibu ni Flipflopi, jahazi lenye urefu wa takriban mita 9 lililoshushwa majini Lamu, nchini Kenya, Septemba 2018.

Mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliyeyusha takriban tani 10 za taka za plastiki, wakapata mkuku, mataruma na mbao, kisha wakazichonga kwa ufundi wa jadi. Mbavu za chombo zilifunikwa kwa kandambili chakavu zipatazo 30,000 za rangi mbalimbali.

Mapema mwaka 2019 jahazi hilo lilisafiri takriban kilomita 500 hadi Zanzibar, likitia nanga njiani ili kutoa elimu kwa wakazi wa pwani. Tarehe 1 Juni mwaka huohuo, katazo la mifuko ya plastiki lilianza kutekelezwa Tanzania Bara.

Sheria hutoa katazo. Sanaa humwonesha mwananchi sababu yake. Anayeona kandambili kama yake ubavuni mwa jahazi hutambua kuwa taka ikitupwa baharini haipotei. Kila kaya, hivyo, ina wajibu wa kutenganisha plastiki na taka nyingine.