Godoro la Chomboni Huozea Chini

Safari ya Ziwa Nyasa kutoka Kyela hadi Mbamba Bay, kupitia Lupingu, Manda na Liuli, ni ndefu, na mabaharia hawana budi kulala humohumo chomboni. Anayewatafutia godoro huanza na unene: inchi 4 au 6? Hilo ni swali la pili. Kyela hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na ndani ya chombo unyevu hauishi hata jua likiwaka. Mtu akilala, joto na jasho lake hupenya sponji hadi chini, na mvuke wake ukikutana na bati la chombo lililopozwa na ziwa, hugeuka matone. Ndiyo maana godoro linalong'aa juu, ukiligeuza, unakuta madoa meusi ya ukungu. Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye chaga: vibao vilivyoachana kwa upana wa vidole viwili, vimeinuliwa ili hewa ipite. Inchi 4 za sponji nzito juu ya chaga ni bora kuliko inchi 8 zilizolazwa juu ya bati tupu.

Wapo watakaosema dawa ni kulifunga godoro zima kwa nailoni. Nailoni huzuia maji ya mawimbi, kweli, ila hufungia na jasho humohumo; ikitoboka, maji yaliyoingia hayana pa kutokea. Kava la kitambaa kigumu lenye zipu, linalovuliwa na kufuliwa, ndilo la kununua. Wengine hutoa mfano wa pwani, ambako godoro likishaloa ni vigumu kulirudisha. Kule shida ni chumvi: ikibaki ndani ya sponji huvuta unyevu wa hewani kila siku. Maji ya Nyasa hayana chumvi, basi godoro likilowa likamue, lisimamishe penye upepo, litakauka kabisa. Usiliache uchi juani, maana sponji hugeuka njano na kumeguka.

Umbo nalo lina gharama yake, lakini si kubwa. Mbele ya chombo ubavu hubana na kulala mshazari, hivyo godoro la dukani likishindiliwa pale hugusa ukuta na kunywa unyevu. Chora kiolezo kwenye boksi, pima juu na chini kwa sababu vipimo havilingani, kisha mpelekee fundi wa viti vya magari. Mwambie akate vipande viwili, ili mtu mmoja aweze kuviinua. Na chombo kikitia nanga Kiwira au Matema, simamisheni magodoro kwa ubavu na kufungua milango kabla hamjaanza kushusha mzigo.