Utafiti wa mazoezi tiba: Pwani kuna maswali

Mkwezi akianguka kutoka kwenye mnazi na kuumia uti wa mgongo, hospitali inaweza kuokoa maisha yake. Kazi kubwa huanza akirudi nyumbani. Kiti mwendo kitapitaje kwenye mchanga? Nani atamgeuza usiku asipate vidonda vya kulalia?

Ukiwa na shahada ya kwanza ya fiziotherapia, maswali hayo yanaweza kukufikisha kwenye uzamili au uzamivu. Mfano tunao nchini. Haleluya Moshi, mtaalamu wa fiziotherapia, alifanya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Umeå, Uswidi, akitafiti majeraha ya uti wa mgongo mkoani Kilimanjaro. Kuanguka kulionekana kuwa chanzo kikuu, kuliko ajali za barabarani. Tena hakuishia kwenye mafaili ya hospitali, alitaka kujua wagonjwa wanaishije vijijini.

Kwetu Bagamoyo kuna minazi, miembe na bodaboda. Taasisi ya Afya Ifakara imefanya utafiti wa malaria hapa miaka mingi, kwa hiyo mtafiti kubisha hodi si jambo geni.

Anza na swali dogo: familia zilizofundishwa mazoezi wodini, baada ya miezi 6 bado zinayafanya? Tafuta msimamizi kwanza, ufadhili baadaye, kwa sababu wafadhili wengi huuliza nani atakusimamia. Utahitaji kibali cha maadili cha chuo na cha NIMR, kisha ujitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa. Kwenye bajeti weka nauli ya mgonjwa pamoja na ya ndugu anayemsukuma.