Dawa ya Chunusi Kali na Mambo Utakayoyaona

Ndugu msomaji, pengine wewe au mtoto wako ana chunusi, si zile ndogo za kawaida, bali vijipu vikubwa vyenye kuuma, usoni na mgongoni, na kila kimoja kikipona kinaacha kovu. Watu wanakuambia mengi: damu yako ni chafu, huogi vizuri, wakati wa kuoa umefika. Usiwasikilize. Tezi za mafuta katika ngozi zinafanya kazi kupita kiasi, vitundu vyake vinaziba, na vijidudu vinazaliana humo ndani.

Kwanza munganga atakupa dawa ya kupaka, na pengine vidonge vya doksisiklini kwa miezi mitatu hivi. Chunusi zikikataa, iko dawa yenye nguvu zaidi, jina lake isotretinoini. Iliruhusiwa Marekani mwaka 1982. Yenyewe hupunguza zile tezi, na wengi wakimaliza dawa wanapona kwa muda mrefu.

Utaona nini? Midomo itakauka na kupasuka. Karibu kila mtu hupata hayo. Paka vazelini mara nyingi. Macho yatakauka, pua inaweza kutoa damu kidogo, viungo vinaweza kuuma, hasa kwa mtu wa kubeba mizigo. Jua litakuunguza upesi. Tena katika majuma ya kwanza chunusi zinaweza kuzidi! Wengi hukata tamaa hapo na kuitupa dawa. Usiitupe, zikizidi sana, rudi kwa munganga. Kazi yake ni ya miezi minne hadi sita, wakati mwingine zaidi. Umeze pamoja na chakula chenye mafuta, kwa maana tumbo tupu haliipokei vizuri. Bugali na sambaza za kukaanga zafaa sana, au avoka.

Sasa jambo kubwa. Mama, na wewe binti, soma hapa mara mbili. Dawa hii huharibu mtoto tumboni: ubongo, moyo, masikio, uso. Hata ukiimeza siku chache tu, hatari ipo. Kwa sababu hiyo, Marekani tangu mwaka 2006 kila anayeitumia huandikwa katika orodha, na mwanamke anayeweza kuzaa hupimwa mimba kila mwezi. Nasi tusilegee. Upimwe kabla ya kuanza na kila mwezi. Utumie njia mbili za kuzuia mimba pamoja, mpaka mwezi mmoja upite baada ya kidonge cha mwisho. Najua msichana atanyamaza kama mama yake ameketi karibu. Basi omba kusema na muuguzi peke yako. Siku zako zikichelewa, acha dawa siku ile ile, uje upimwe.

Kwa hiyo usimgawie mtu. Kijana anaweza kumpa dada yake vidonge vilivyobaki kwa wema tu, kumbe dada ana mimba changa. Wala usitoe damu ya kuwekewa wagonjwa mpaka mwezi upite, kwa maana hujui itaingia kwa nani.

Munganga atapima damu yako aone ini na mafuta. Rudi upesi ukiona macho ya manjano, tumbo likiuma sana, au huzuni nzito na mawazo ya kujiua. Kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, acha dawa, uje siku hiyo. Hatari hiyo huongezeka ukichanganya na doksisiklini, nayo hutolewa pia kwa kipindupindu. Basi kila unakotibiwa, sema unameza nini. Vidonge vya vitamini A pia uviache.

Tena neno moja juu ya mafuta ya kung'arisha ngozi, yanayouzwa sokoni hapa Bukavu. Mengine yana dawa ya jamii ya kotizoni, nayo yenyewe huzaa chunusi. Kama unayapaka, leta kopo lenyewe tulione kabla hujaandikiwa kitu.