Dishi Moja, Vyumba Sita: Lipieni TV ya Ploti Bila Kugombana

Jumamosi jioni, Kinna. Chai iko tayari, mechi inaanza, halafu kwenye skrini yanatokea maandishi: akaunti haijalipiwa. Tuseme ploti ina vyumba sita na kila chumba kilichanga shilingi 200. Hiyo ni 1,200. Aliyekusanya anasema alimtumia fundi. Fundi hashiki simu. Pesa iko wapi?

Tuanze na waya wenyewe. Zamani za analogi, antena moja juu ya paa ilitosha ploti nzima. Fundi aligawanya waya, na kila chumba kikajichagulia stesheni, kwa sababu TV yenyewe iliweza kusoma mawimbi yale. Mwaka 2015 Kenya ikazima analogi. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na king'amuzi, kiwe kisanduku kando ya TV au kiwe ndani yake.

Ndiyo maana mkigawana king'amuzi kimoja, nyote mnatazama chaneli moja. Jirani akihamia habari, wewe mechi imekupita. Isitoshe, kifurushi cha nyumbani kwa kawaida ni cha kaya moja, kwa hivyo someni masharti kabla ya kuvuta waya. Dishi lenyewe mnaweza kushiriki, bora kichwa chake kiwe na matundu ya kutosha na kila chumba kiwe na king'amuzi chake.

Kila king'amuzi cha kulipia kina namba yake ya akaunti, na hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Kwa hivyo:

1. Nakili namba hiyo kutoka kwenye kadi au king'amuzi chenyewe. Usitegemee kichwa cha mtu. Ipige picha, uiweke kwa simu.

2. Lipa moja kwa moja kwa Paybill ya kampuni ya TV. Ukituma kwa namba ya fundi, umemlipa fundi. King'amuzi hakina habari.

3. Kabla ya kuweka PIN, soma tena namba ya Paybill, ya akaunti na kiasi. Tarakimu moja ikikosewa, huenda umemlipia mtu wa Garbatulla mwezi mzima.

4. Usifute ujumbe wa malipo. Ule msimbo wa muamala ndio ushahidi wako. Utume kwa kundi la ploti ili kila aliyechanga aone.

5. Umekosea? Usingoje kesho. Kama ulituma kwa mtu asiye sahihi, omba kurudishiwa papo hapo, kabla hajaitoa. Kama Paybill ni sahihi lakini akaunti siyo, ipigie kampuni ya TV ukiwa na msimbo mkononi.

Na kumbukeni, chaneli za bure hazina ada ya mwezi. Anayekuja kukusanya pesa zake kila mwisho wa mwezi, mwulizeni anazipeleka wapi.

Mkilipa hivyo, Jumamosi ijayo mtabishana kuhusu refa tu.