Kutengeneza Matuta ya Mboga Kabla ya Baridi

Ninyi baba na mama mnaolima karibu na miji ya migodi, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, sikilizeni neno hili. Katika nchi yetu ya Katanga mvua hukoma mwezi wa nne. Tangu mwezi wa tano hata wa nane ni kipwa, tena ni baridi. Watu wengi hutundika jembe na kusema: «Tungoje mvua.» Basi mama hushika njia na fedha yake, anakwenda kununua mboga sokoni, nazo angaliweza kuzichuma karibu na nyumba yake.

Bustani ya baridi hutengenezwa wakati mvua ingali ikinyesha. Udongo wetu mwekundu ukikauka huwa mgumu kama tofali. Samaki mkunje angali mbichi.

1. Mahali. Tafuteni mahali karibu na maji, ili msichoke kuteka. Lakini msilime chini kabisa katika dembo, yaani bonde lenye maji. Hewa ya baridi ni nzito, hushuka usiku na kutulia bondeni kama maji. Mwaka mmoja mimi mwenyewe nilipanda tomati chini bondeni. Asubuhi moja ya mwezi wa saba nilikuta jalidi, ndiyo maji yaliyoganda meupe juu ya majani. Jua lilipopanda, tomati zote zilikuwa nyeusi. Jirani yangu alipanda juu kidogo mtelemkoni, naye alivuna. Basi tomati na maharagi juu. Shu na vitunguu, vinavyopenda baridi, chini kidogo.

Tena jihadharini na moshi wa migodi. Mjini Lubumbashi tanuru ya kuyeyusha shaba ilianza kazi mwaka 1911. Upepo wa kusini-mashariki ulisukuma moshi wake, ukaangusha vumbi la shaba na la risasi juu ya udongo wa upande wa kaskazini-magharibi. Udongo wa namna hiyo haufai kwa mboga, wala maji yaliyosafisha mawe ya mgodi hayafai kumwagilia. Sumu ile haionekani kwa macho, nayo huwadhuru watoto kwanza. Kila mboga ioshwe vizuri kwa maji safi.

2. Mboleo. Mwezi wa pili anzeni lundo: majani mabichi, nyasi, mavi ya mbuzi au ya kuku, majivu kidogo, na udongo juu. Ligeuzeni kila mwezi. Likiwa jeusi, wala halinuki tena, limeiva. Mboleo isiyoiva huchoma mizizi. Udongo wa kichuguu kikubwa pia ni mzuri, maana una chokaa, na mashamba yetu mengi yana ukali.

3. Tuta. Limeni mwezi wa nne, jembe liingie chini sana. Upana uwe metre 1 na centimetre 20, mkono ufike katikati pasipo kukanyaga udongo. Njia kati ya matuta iwe centimetre 40. Wakati wa mvua tunainua matuta ili maji yatoke. Wakati wa kipwa tunafanya kinyume. Tuta liwe sawasawa na njia, na kingo zake ziinuke kidogo, maji yasikimbie. Changanyeni karai moja ya mboleo kwa kila metre moja ya tuta.

4. Kufunika. Miche ya shu ikiwa na majani manne au matano, ihamisheni jioni, mche na mche centimetre 50. Halafu tandazeni nyasi kavu zisizo na mbegu. Nyasi huzuia jua lisinywe maji yenu. Mwagilieni asubuhi, kwa debe lililotobolewa matundu madogo.

5. Moto. Mwezi wa sita watu huanza kuchoma pori. Kabla ya siku hizo parueni njia pana kuzunguka bustani, isibaki nyasi hata moja. Moto wa saa moja waweza kula kazi ya miezi mitatu.

Basi, ndugu, msitazame kalenda tu. Chukueni udongo mkononi, mfinyange. Ukishikamana bado, siku yake ni leo. Ukimwagika kama unga, mmekwisha kuchelewa, na kila debe la maji mtalibeba mara mbili.