Je, Wajua? Kuhesabu Wanyama Kutoka Angani, Bukoba hadi Burigi

Je, wajua kwamba ndege ndogo inayoondoka Bukoba huanza safari kama mtu aliyekwisha kuchoka? Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban sehemu moja ya kumi. Injini hukosa pumzi, mabawa hunyanyua kwa shida, kwa hiyo ndege hulazimika kukimbia zaidi kabla ya kuruka. Uwanja wenyewe umebanwa, ziwa upande huu, vilima upande ule. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyokuwa ikija kutua katika hali mbaya ya hewa ilianguka ziwani hapo, watu 19 wakafariki. Waokoaji wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Wahesabu wa wanyamapori hupenda asubuhi, hewa ikiwa imetulia na wanyama hawajajificha kivulini. Lakini asubuhi ya Bukoba ina mambo yake. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo huvuma kutoka ng'ambo zote kuelekea ziwani, hewa yenye unyevu hupanda, na radi hupiga huko usiku kucha. Kisha upepo wa mashariki huisukuma mvua ije kwetu alfajiri. Ndiyo maana Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Karagwe, nyuma ya vilima, hupata kama nusu yake tu. Wazee wa Kihaya walisema ni kazi ya Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba. Rubani anayesubiri mawingu yafunguke hana cha kuwabishia.

Na je, wajua kwamba mhesabu hatazami nchi yote iliyo chini yake? Kwenye nguzo ya bawa hufungwa fito mbili, naye huhesabu wanyama wanaopita kati ya fito hizo tu. Ndege ikiwa mita 100 hivi juu ya ardhi, nafasi hiyo huweza kuwa ukanda wa mita 150. Piga hesabu: kwa mwendo wa kilomita 180 kwa saa, kila sekunde eneo kubwa kuliko uwanja wa mpira hupita machoni mwake, naye aseme ni pofu wangapi na nyati wangapi. Kundi likiwa kubwa, hupigwa picha na kuhesabiwa baadaye mezani. Idadi ya eneo zima hukadiriwa kutokana na kanda hizo.

Milima ndiyo huharibu hesabu. Ndege ikivuka bonde lililoshuka mita 20, ukanda wa mita 150 hutanuka kuwa wa 180 bila mtu kuhisi. Kwenye mbuga tambarare za Serengeti jambo hili ni dogo. Kwenye migongo ya Karagwe na Burigi ni maumivu ya kichwa, na ndiyo sababu kipimo cha urefu husomwa tena na tena njiani.

Hesabu hizo zina historia nzito huku kwetu. Aprili 1994 Wanyarwanda takriban 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja tu. Kambi zilikuwa jirani na mapori ya Burigi na Biharamulo, na nyama ya porini ikawa kitoweo na biashara. Ndege zilizopita baadaye zilikuta wanyama wamepungua mno. Tangu 2019 mapori hayo, pamoja na Kimisi, ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na sehemu yake imo wilayani Muleba.

Waliofungua njia ya kuhesabu kwa ndege Serengeti, Januari 1958, ni Wajerumani wawili, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, ndani ya Dornier iliyopakwa milia ya pundamilia. Walipata wanyama 366,980. Mwaka mmoja baadaye, Januari 1959, Michael aligongana na tumbusi akiwa angani, akafa akiwa na umri wa miaka 24. Ndege mmoja wa manyoya alitosha kuangusha ndege ya chuma.

Baba hakuacha kazi. Kati ya 1966 na 1969 alisimamia kuletwa kwa sokwe 17 kutoka Ulaya hadi kisiwa cha Rubondo, kusini mwa maji ya Muleba. Kundi la kwanza lilikuja Afrika kwa meli, si kwa ndege, na uzao wao ungalipo. Kuwahesabu kutoka bawani haiwezekani, kwani msitu ni paa lisilopenywa na jicho. Watafiti hutembea kwa miguu wakitazama juu. Kila jioni sokwe mkubwa hukunja matawi akajitengenezea kitanda kipya, na kinachohesabiwa ni vitanda hivyo, vya jana na vya wiki iliyopita, kabla majani hayajanyauka na kuanguka.